Siti ya Pikipiki Inayouma: Tuliyojifunza kwa Kukata Sponji na Kuvuta Kava

Siti laini ndiyo inayoumiza. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inavutia, ukiikalia dakika kumi inavutia zaidi, lakini ukiingia saa ya pili barabarani unaanza kuhamia kushoto, kuhamia kulia, kusimama kwenye vikanyagio na kutafuta sababu ya kupumzika. Sponji imeshakandamizwa yote na mifupa imefika kwenye bamba la chini, lile gumu la plastiki au chuma linalobeba sponji. Katika siti tulizozifungua, hili ndilo kosa tulilokutana nalo mara nyingi kuliko jingine lolote, na anayelalamika kwa kawaida anaomba aongezewe sponji laini juu ya ile iliyokwisha. Akiongezewa, atafurahi wiki moja.

Mtu akikaa wima, uzito wa kiwiliwili huangukia kwenye ncha mbili za mifupa ya nyonga, moja chini ya kila kalio. Kutoka ncha hadi ncha ni kama sentimita 10 hadi 14 kwa watu wazima wengi, na kwa wanawake nafasi hiyo huwa pana kidogo. Kazi ya siti ni kuibeba mifupa hiyo miwili, kisha kuusambaza uzito kwenye nyama za makalio na nyuma ya mapaja, bila kubana kinena na bila kugusa kifandugu. Kwa hiyo umbo linatangulia, ulaini unafuata. Siti iliyokaza kidogo lakini ina umbo sahihi humfikisha mtu mbali kuliko siti laini yenye umbo baya.

Kipimo chako mwenyewe unakipata kwa kipande cha katoni, lile la kadibodi yenye mawimbi ndani. Liweke juu ya kiti kigumu au ngazi ya saruji, likalie dakika mbili ukiwa umeinama mbele kama unavyoinama ukiwa umeshika usukani, halafu inuka taratibu. Pitisha kiganja juu yake: utahisi vibonyeo viwili. Weka alama katikati ya kila kimoja, pima kati ya alama na alama, andika. Sehemu bapa ya siti inapaswa kuzidi kipimo hicho kwa sentimita 3 au 4 kila upande. Siti nyingi nyembamba za kiwandani hazifiki hapo, na mifupa inaishia kukaa kwenye mteremko wa ukingo.

Panapouma panaeleza pa kukata

Usishike kisu kabla hujajua panauma wapi na panaanza kuuma baada ya muda gani. Kwa uzoefu wetu, maumivu yanayokuja ndani ya dakika 20 za mwanzo yanatokana na umbo, na yanayosubiri hadi saa moja au zaidi yanatokana na sponji.

Moto unaowaka kwenye nukta mbili chini ya makalio ni sponji iliyokufa, au sponji ngumu mno. Kutofautisha ni rahisi: kunja ngumi, iweke pale unapokalia, egemeza uzito wa mwili wote juu yake. Ukihisi bamba, sponji imekufa. Ukihisi kama unakandamiza tairi lililojaa upepo, ni ngumu mno.

Kuteleza mbele hadi kwenye tangi ni kosa jingine kabisa, na hapo sponji mpya haisaidii kitu. Siti ina mteremko. Mikono inachoka kwa sababu inasukuma mwili urudi nyuma, kinena kinabanwa, na kila ukifunga breki unarudia kazi ileile. Dawa ni kushusha sehemu ya nyuma ya kikalio au kuinua ya mbele.

Ganzi inayoshuka mapajani hadi miguuni huletwa na kingo zilizosimama kama ukingo wa meza, zikikata upande wa ndani wa paja. Kifandugu kikiuma, tazama ngazi inayotenganisha dereva na abiria: ama iko mbele mno na inasukuma mgongo, ama shimo la kukalia ni refu kiasi kwamba nyonga inabingirika kwenda nyuma. Magoti yakiuma, siti iko chini mno ukilinganisha na vikanyagio, na hapo hata sentimita 2 za kuinua huonekana. Mabega na shingo mara nyingi ni habari za usukani, siti inasingiziwa tu.

Shokapu nazo husingizia siti. Springi ya nyuma ikikazwa kupita kiasi hupiga teke moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na hakuna sponji itakayoficha hilo. Kwa pikipiki ya barabarani, ukikaa juu yake, shokapu inapaswa kushuka kwa takriban theluthi moja ya mwendo wake wote. Rekebisha hapo kwanza, pima na upepo wa matairi kama kiwanda kilivyoagiza, endesha tena. Wapo walioishia hapo, na siti yao haikuguswa.

Mstari wa utepe

Mteremko wa siti haupimwi pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Stendi ile huinua gurudumu moja, na pikipiki nzima inabadilisha pembe. Hata ikiwa chini kwa magurudumu yote mawili, dereva akikaa, nyuma ya pikipiki inazama zaidi kuliko mbele. Siti iliyopimwa ikiwa tupu na kuonekana imenyooka inaweza kuwa inaegemea nyuma safarini.

Tunachofanya ni hiki. Dereva anakaa, miguu kwenye vikanyagio, na mtu mmoja anaishika pikipiki wima kutoka mbele kwenye sakafu iliyosawazishwa. Mtu wa pili anaweka pimamaji ubavuni, kwenye kava la pembeni chini ya siti, anatafuta usawa hadi povu litulie katikati, kisha anabandika utepe wa karatasi kufuata ukingo wa pimamaji. Basi. Kuanzia hapo pikipiki inaweza kusimama kwenye stendi yoyote: utepe ule ndio usawa wako wa kweli. Sehemu ya kukalia iende sambamba na utepe, au ipande mbele kidogo sana, kiasi cha jicho kuona kwa shida. Ikipanda zaidi, kinena kitalipa.

Kuitoa na kuivua

Siti hufungwa kwa kufuli la ufunguo au kwa bolti mbili, mara nyingi za spana namba 10 au 12, zilizojificha nyuma ya kava za pembeni au chini ya mkia. Mbele kuna ulimi unaoingia chini ya tangi. Baada ya kulegeza, vuta siti kwenda nyuma kwanza, ndipo uinue. Anayeinua kabla ya kuvuta huvunja ulimi. Angalia vikola, yaani vibomba vifupi vya chuma ndani ya matundu ya bolti, kwa kuwa hudondoka vyenyewe na bila hivyo bolti itaponda plastiki. Hesabu raba ndogo zilizo chini ya bamba. Zikikosekana, siti inacheza na bamba linapasuka.

Igeuze. Bamba la plastiki hushika kava kwa pini za stepla. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya pini, inua upande mmoja, malizia kwa koleo. Zitoe zote, hata zilizokatika, maana pini moja iliyobaki itatoboa kava jipya. Bamba la chuma lina meno yaliyokunjwa juu ya kava. Yainue mara moja tu na kwa uangalifu, kwa sababu chuma chembamba kikikunjwa na kukunjuliwa mara tatu nne kinakatika. Ukikuta kutu, ipige msasa na upake rangi sasa hivi. Kutu hula kava kutoka ndani.

Kava la zamani lisikatwe. Hata likiwa limechanika, ndilo kielelezo cha kukatia jipya. Kabla ya kulivua, chora kwa chaki mstari wa katikati kutoka mbele hadi nyuma, juu ya kava na baadaye juu ya sponji.

Sponji ikiwa nzito kuliko unavyotarajia, imenyonya maji. Ikamue, isimamishe kivulini penye upepo, uisubiri hadi ikauke ndani, na hilo linaweza kuchukua siku kadhaa. Juani itakauka upesi, lakini jua kali huifanya sponji kuwa ya manjano na kubomoka kama mkate mkavu. Usikate sponji yenye maji: kisu kinaivuta badala ya kuikata, na gundi haishiki.

Sponji yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Densiti na ugumu ni vitu viwili. Densiti ni uzito wa mita moja ya ujazo, nayo inaonyesha sponji itadumu vipi. Ugumu unaonyesha inavyobeba. Sponji ya godoro la kawaida au kochi huwa na kilo 20 hadi 30 hivi kwa mita ya ujazo. Inalalika vizuri kwa sababu mtu aliyelala ametandaza uzito wake mwili mzima. Siti ya pikipiki inapokea uzito huohuo kwenye nukta mbili, huku ikitikiswa mfululizo. Sponji ya kiwandani ya siti huanzia kilo 50 hivi kwenda juu, na ile ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa upya, yenye madoadoa ya rangi nyingi, huwa kilo 80 na kuendelea. Hiyo ya madoadoa ndiyo rafiki wa safari ndefu ikiwekwa chini.

Ukiwa dukani na hakuna anayejua densiti, tumia goti. Weka kipande cha unene wa sentimita 5 sakafuni, piga goti moja juu yake kwa uzito wako wote, hesabu hadi 30. Ukihisi sakafu, kipande hicho hakifai kubeba, kinafaa tabaka la juu tu. Ukiinuka, tazama kinavyorudi: kinachobaki na shimo kimechoka kabla hakijauzwa.

Sponji nzito inayorudi polepole ukiibonyeza, ile ya mito ya shingo, hupendwa sana kwa jina lake. Tabaka jembamba la sentimita 1 juu linasaidia. Likiwa nene, hukaza kwenye baridi na kulegea kwenye joto, na siti ya asubuhi haiwi siti ya mchana. Jeli nayo inasambaza shinikizo vizuri, ila inahifadhi joto la jua, kwa hiyo izamishwe ndani ya sponji na ifunikwe kwa angalau milimita 5 za sponji nyingine. Ikiwekwa juu tu chini ya kava, kingo zake utazihisi kila kilomita. Sponji ngumu ya ndala na mikeka ya mazoezi hainywi maji na inafaa kujengea kingo na kuinua pua ya siti, yaani ncha yake ya mbele. Chini ya mifupa peke yake ni ngumu mno.

Sasa kata. Usikate upande wa chini wa sponji ya kiwandani. Umefinyangwa ufuate mabonde ya bamba, na ukiuharibu siti haitatulia tena. Kazi yote ni juu. Kalia siti bila kava ukiwa na nguo unazoendeshea, mtu akuzungushie chaki. Ndani ya mstari huo chora kidimbwi cha mstatili wenye pembe za mviringo, katikati yake vikiwa vile vibonyeo viwili vya katoni.

Kwa sponji iliyokufa, chimba kidimbwi hicho kwa kina cha sentimita 3, ukihakikisha angalau sentimita 2 za sponji ya zamani zinabaki chini. Jaza sentimita 2.5 za sponji ya madoadoa. Juu yake, siti nzima kutoka pua hadi ngazi ya abiria, laza tabaka moja la sentimita 1 la sponji laini zaidi, ili viungo vyote vifichwe chini ya tabaka moja. Umetoa 3, umerudisha 3.5, siti imeinuka nusu sentimita tu pale unapokalia, na mguu wako chini hautajua. Sponji ikiwa nyembamba kiasi kwamba huwezi kuchimba 3 na kubakiza 2, jenga kwenda juu na ukubali siti kuinuka.

Kisu kizuri ni kile kirefu cha mkate chenye meno, au bapa la msumeno wa chuma likiwa limezungushiwa kitambaa mkononi. Kata kwa mwendo mrefu mwepesi, kama unavuta upinde. Anayekandamiza anapata mawimbi. Kingo za kidimbwi zisikatwe wima. Zilaze kwa pembe ya nyuzi 45, na kipande cha kujaza nacho kilazwe hivyohivyo, vikutane kama mfuniko. Ukuta wima huonekana kama mstari kwenye kava baada ya miezi michache, na huhisiwa kabla ya kuonekana.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka kidole kiguse bila kunata, kisha bandika. Haina nafasi ya pili, kwa hiyo anzia kwenye mstari wa katikati na utembeze kiganja kwenda nje. Gundi ikikauka ni ngumu, basi usiimwage chini ya mifupa. Weka nukta chache hapo na uifunge vizuri pembezoni. Fanya kazi hii nje au penye upepo, mbali na moto na sigara. Mvuke wake unawaka, na sponji ikishika moto inatoa moshi wa sumu.

Kusawazisha hufanywa kwa msasa wa namba 40 hadi 60 kwenye diski ya grinda au drili, kwa mguso mwepesi sana. Ukiegemea, diski inang'ata na kutafuna shimo. Vaa barakoa, maana vumbi lake ni laini na linaingia hadi kifuani. Kila baada ya milimita chache simama, funga macho, pitisha viganja viwili kwa pamoja, kushoto na kulia. Viganja vinagundua tofauti ambayo macho hayaioni, na siti iliyoinama upande mmoja kwa milimita 5 inatosha kupinda kiuno chako safari nzima.

Baada ya kujaza na kusawazisha, kidimbwi cha kukalia kinachobaki juu kisizidi kina cha sentimita 2 hadi 2.5. Kikizidi, unafungwa mahali pamoja, huwezi kusogea mbele au nyuma, na kusogea kidogo kidogo ndiko kunakoruhusu damu ipite. Kingo za pembeni zizungushwe hadi zifanane na ubavu wa mkate wa boflo. Anayeumwa kinena achimbe mfereji katikati, kina cha sentimita 1 hadi 1.5 na upana wa 3 hadi 4, ukianzia mbele ukapitiliza hadi nyuma ya mifupa. Mfereji mpana kuliko huo unaiacha mifupa ikining'inia, na umebadilisha maumivu mamoja kwa mengine.

Mbele, sentimita 15 za kwanza kutoka kwenye tangi, ziwe nyembamba. Watu hupima urefu wa siti na kusahau upana. Miguu ikilazimika kuzunguka siti pana, unapoteza kisigino chini hata kama hukuongeza urefu wowote. Mfupi wa kimo anayetaka sponji nene apunguze mabega ya mbele ya siti, atarudishiwa sehemu ya kile alichopoteza.

Usivute kava bado. Funika sponji kwa kava la zamani, lishike chini kwa utepe imara, funga siti na bolti zake zote, uendeshe saa moja na zaidi, siku mbili tofauti. Dakika kumi kuzunguka mtaa hazionyeshi lolote. Ukirudi na malalamiko, msasa uko palepale na kazi ni ya robo saa. Ukigundua baada ya kava jipya kupigwa pini 100, hutalifungua, utavumilia.

Kuvuta kava

Chagua reksini, yaani ngozi bandia, ya magari au ya boti, yenye unene wa karibu milimita 1 na kitambaa cha nyuma kinachovutika pande zote. Reksini ya makochi haikutengenezewa jua, na hupasuka. Uso uwe na vinyweleo au michirizi inayoshika suruali: uso unaong'aa unateleza, na kuteleza kunakurudisha kwenye tangi. Rangi nyeusi inachoma baada ya kuegesha juani. Anayeendesha kwenye joto anaweza kuongeza wavu wa kupitisha hewa juu, na hata kwenye siti ambayo haijaguswa wavu huo ni msaada wa haraka. Mishono isipite chini ya mifupa. Ipeleke kwenye mabega na kwenye ngazi ya abiria, kisha ipakwe gundi ya kuziba kwa ndani, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Karatasi nyembamba ya nailoni kati ya sponji na kava inazuia maji. Iache ilegee. Ikivutwa inalia kila ukisogea.

Kabla ya kuanza, piga pini moja ya majaribio kwenye ukingo wa bamba na uangalie upande wa pili. Pini za milimita 6 zinatosha mabamba mengi ya plastiki. Za 8 au 10 hutokeza na kuchoma sponji. Stepla ya mkono ya ofisini haiwezi. Ile nzito ya mafundi makochi inaweza, na ya umeme au upepo ni bora. Bamba la zamani lililokakamaa lipashwe kwa mashine ya kukaushia nywele, pini itazama bila kupasua. Tafuta pini za chuma kisichoshika kutu, la sivyo baada ya mvua za kutosha zitaoza na kava litaachia.

Anika kava juani dakika 15 hadi 20 au lipashe kwa mashine ileile mpaka lilegee mkononi. Mstari wa chaki ukutane na mstari wa chaki. Piga pini tatu puani. Nenda nyuma, vuta kwa nguvu ya wastani, piga tatu. Kisha katikati ya ubavu wa kushoto, tatu, na wa kulia, tatu. Geuza utazame. Sasa endelea kutoka kila katikati kwenda kwenye pembe, ukibadilishana kushoto na kulia, pini kwa pini, zikiachana sentimita 1 hadi 1.5. Anayemaliza ubavu mmoja kwanza huupeleka mshono wote upande huo na hana namna ya kuurudisha.

Pembe za pua ndizo zinazotofautisha kazi na kazi. Hapo kitambaa kinazidi, na ukikikusanya mara moja unapata kunyanzi kubwa lisilofutika. Pasha pembe hadi iwe moto lakini bado inashikika, vuta kwa kidole gumba kuelekea katikati ya bamba, piga pini. Vuta milimita 5 pembeni yake, piga nyingine. Kunyanzi moja kubwa inagawanyika kuwa vikunjo vidogo sita au saba, vyote chini, na juu panabaki laini kama ngoma. Usivute mpaka sponji ibonyee: kava lililokazwa kupita kiasi linafanya kazi ya ubao, na ulaini wote ulioujenga chini yake hauhisiwi. Kata masalia ukibakiza sentimita 2 kutoka kwenye pini.

Abiria, na siti iliyo tayari

Kwa abiria kanuni ni zilezile, ila yeye hana usukani wa kujishikia. Sehemu yake iwe bapa, isimtelezeshe mgongoni mwa dereva wala kumsukuma nje nyuma. Usirefushe siti kupita mwisho wa bamba ili kupata nafasi. Sponji isiyo na bamba chini yake inaning'inia, na uzito ulio nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hupunguza mshiko wa gurudumu la mbele.

Ukiamua kununua siti nyingine nzima, linganisha ulimi wa mbele, kipini cha kufuli, matundu ya bolti na raba za chini kabla ya kutazama sponji. Mwaka wa kutengenezwa unaweza kubadilisha fremu hata jina la modeli likibaki lilelile. Siti inayohitaji kulazimishwa kwa nyundo si ya pikipiki hiyo.

Kurudisha

Ulimi uingie mahali pake kwanza, ndipo nyuma ishuke. Kabla haijashuka, tazama waya. Bamba likikaa juu ya bunda la waya hulikata taratibu kwa mtikisiko, na bamba la chuma likigusa ncha chanya ya betri linapiga shoti papo hapo. Kifuniko cha raba cha ncha hiyo kiwepo, na mkanda wa betri uwe umefungwa. Siti ikishakaa, shika mkia kwa mikono miwili uinue kwa nguvu, kisha shika pua uitikise. Ikicheza, ulimi haujaingia au raba zimekosekana.

Rekebisha vioo, kwa sababu jicho lako limehama. Jaribu breki ya nyuma na gia ukiwa umekaa. Siti iliyoinuka inabadilisha pembe ya kifundo cha mguu, na kanyagio la breki linaweza kuhitaji kushushwa au kupandishwa kidogo. Ukigusa kanyagio hilo, hakikisha taa ya breki bado inawaka kwa wakati na breki haijikamati yenyewe.

Sponji mpya itatulia milimita chache katika wiki mbili tatu za mwanzo, na kava nalo litalegea kidogo. Igeuze siti baada ya muda huo, kagua pini za pembe za pua, ongeza palipoachia, kaza bolti zilizopata mtikisiko, na ubonyeze sponji kwa ngumi pale pale ulipobonyeza siku ya kwanza.